Tupa

Matokeo yalipotoka baba hakugomba.
Aliendelea kumenya kiazi, akasema polepole,
"Sekela mwanangu, hesabu zimekutupa."
Nje mvua ya Januari, na malori ya Tunduma
yakipita Uyole taa zimewashwa mchana.

Juni ikanikuta chuoni,
ndani ya ovaroli ya kaka, mikono nimeikunja mara tatu.
Mwalimu Chaula, mwanamke mfupi wa Makete,
hakutuonyesha mashine hata moja.
Alinipa kipande cha chuma kilichokatwa ovyo,
akanielekeza kwenye jiliwa, akanikabidhi tupa.
"Mchemraba. Sentimita tano kila upande.
Ukimaliza, nipo."

Wiki tatu.
Baridi ililala ndani ya kile chuma,
ukikishika kinakunyonya vidole.
Sukuma, inua, rudi mtupu.
Sukuma, inua, rudi.
Tupa hung'ata ikienda; ukiiburuza kurudi
unayaua meno yake, na Chaula atasikia
hata akiwa stoo anahesabu nati.

Shuleni walituimbisha elimu ni mwanga.
Yeye alichukua skwea, akaiegemeza kwenye chuma changu,
akaviinua vyote viwili dirishani, usawa wa jicho.
Uzi mwembamba wa mwanga ukapita katikati.
"Unauona?"
"Nauona, mwalimu."
"Basi hujamaliza. Hapa mwanga ukipita ni aibu."

Gwamaka alikirusha chake kwenye matete nyuma ya karakana.
Jioni nikamkuta anakitafuta kwa tochi ya simu.
Hatukusemeshana. Nilimsaidia kutafuta.

Miaka mitatu baadaye, Igurusi.
Mavuno yamefurika, magunia ya mpunga
yamepangwa mpaka ukingoni mwa lami,
na kinu kimekufa.
Mwenye kinu, Bwana Mwashilindi,
anatazama nyuma yangu.
"Fundi mwenyewe anafika saa ngapi?"
"Ameshafika."
Akatazama tena nyuma yangu.

Kii ya shafti imekatika. Puli inazunguka peke yake
kama mlevi anayecheza ngoma iliyokwisha.
Spea iko Dar es Salaam: siku nne, ukijaliwa.
Wanawake wamekaa juu ya magunia yao
wanayasoma mawingu.
Nikaomba chuma, chochote;
akaniletea bapa lililobaki alipojenga geti.

Jiliwa langu nililifunga kwenye benchi la muuza soda.
Sukuma, inua, rudi mtupu.
Vijana wa kinu walicheka,
kisha wakachoka kucheka,
kisha mmoja akaja kunishikia mwavuli, jua lilikuwa kali.
Saa mbili na ushee.
Nikakiinua kipande juu, skwea ubavuni,
jicho moja nimelifumba:
giza.
Giza tupu, zuri, lisilo na ufa,
katikati ya mchana wote ule wa Usangu.

Kiliingia kwa kugongwa mara mbili.
Kinu kikakohoa, kikakumbuka kazi yake.
Mama mmoja akaniletea mchele wa kwanza kwenye pindo la kanga,
bado una joto.
Hakuniuliza nilipata daraja gani.
Bwana Mwashilindi yeye aliomba namba yangu,
akaiandika "Fundi wa Uyole",
akafuta, akaandika "Fundi Sekela".

Ule mchemraba uko nyumbani.
Mama huuzuilia mlango upepo ukishuka kutoka mlimani.
Kiswahili nilipata C, baba, kwa hiyo nivumilie:
lile neno lako nililisikia kama kitenzi,
nikalala nalo mwaka mzima likiniumiza mbavu.
Kumbe ni jina la kitu.
Lina meno. Lina mpini.

Jana usiku nimemwona ameuokota,
anapapasa kingo zake kwa kidole gumba,
moja baada ya nyingine, hana haraka,
kisha akausogeza karibu na taa
akafumba jicho moja.