Matumbo Mawili, Mgongo Mmoja

Mpira wa kufungia ulikatika Mzambarauni.
Mizani ikaanguka kwanza, kisha glavu,
kisha chupa ya spiriti ikapasuka juu ya lami
na barabara nzima ikanuka kama chumba cha sindano.
Wanafunzi wakaniokotea. Mmoja
akautundika mkoba wake kwenye ndoana ya mizani,
akasoma kwa sauti: kilo mbili na nusu.
Nikasema basi. Nanunua mifuko.

Wete, dukani kwa Mshamte, imening'inia ya ngozi,
au iitwayo ngozi, ina nyota pindoni
na vifungo vinavyong'aa kama meno ya bwana harusi.
"Hii imetoka Dubai, dada nesi."
Nikatia mkono ndani: kina cha vidole vitano.
Nikamuuliza, na beseni nilivae kichwani?
Bei akaitaja akiangalia barabarani.

Fundi Shaame hana mifuko, ana turubai la lori
na sindano anayoivuta kwenye nta kabla ya kila mshono.
Akaipima Honda ubavu kwa shubiri,
akagusa ekzosi, akaruka, akanyonya kidole.
"Huku kulia," akasema, kidole bado mdomoni, "pana moto.
Ukiweka kitu laini utafika na majivu."

Bi Kazija wa Kiuyu hakuuliza rangi.
Wajukuu zake watatu wamepita mikononi mwangu,
hata salamu zake huanza na majina yao.
"Wataka shogi," akasema,
na neno likashuka toka darini na vumbi lake.

Shogi!
Punda wa babu alivishwa shogi,
mbata huku, mbata huku,
na mimi katikati, wa miaka sita, mapaja yakiniwasha.
Mwaka wa tisa huu nina Honda
nami nasema "ile, ile mifuko ya ubavuni",
kama mtu aliyesahau jina la shangazi yake.

"Shogi ni moja," akasema. "Matumbo mawili, mgongo mmoja."
Nikamweleza habari ya ekzosi.
Akanyamaza. Ukili ukaendelea kurefuka mapajani mwake.
"Basi mimi nitasuka tumbo la kushoto.
La kulia ashone huyo mwenye nta.
Uadilifu ni juu yako."

Ndivyo ninavyopita Gando sasa:
kushoto miyaa, mistari ya zambarau na kijani;
kulia turubai la buluu lenye nusu ya tangazo, SARUJ,
iliyobaki ameikata Shaame.
Vijana wa maskani ya Jadida wanapiga makofi:
"Nesi kaoa wake wawili!"

Nacheka nao. Hawajui
niliwahi kuwa mmoja wa wawili,
upande wa moto.
Najua mzigo ukizidi huku, hata kwa kibaba cha mchele,
usukani huvuta,
na anayelaumiwa
ni yule aliyebebeshwa.

Kwa hiyo alfajiri, kabla sijapiga kiki,
naitundika mizani ya watoto kwenye boriti ya kibaraza.
Kushoto: pamba, glavu, kanga mbili za akiba
kwa anayejifungua bila kanga.
Kulia: beseni, mikasi, tochi, spiriti
(chupa ya plastiki sasa).
Natoa, narudisha, nahamisha sabuni.
Kilo tatu na robo. Kilo tatu na robo.
Kila ubavu mtoto mmoja, mzima, hajapewa jina.

Jana usiku Kiuyu, mtoto wa kike, saa saba kasoro.
Nilipotoka kunawa nikakuta kushoto pamejaa:
muhogo wenye udongo wake, ndizi mkono wa tele,
na juu yake, ndani ya gazeti, kipande cha papa mkavu.
Kulia hawakutia kitu. Pengine kulikuwa kiza,
pengine waliuogopa moto.

Honda ilivuta kushoto njia nzima.
Penye kona ya Limbani nikapunguza mwendo,
nikafikiri kusimama, kugawa.
Nikaiacha ivute.