Baada ya Wimbo wa Kumi na Saba

Kadi ilitumbukia kwenye mawese.
Kadi yenyewe ndogo, ukucha wa mtoto,
lakini ndani mlikuwa na nyimbo mia mbili na kumi na mbili
alizoniingizia Feruzi pale Mwanga kwa buku mbili,
mwaka Sikitu alipoota meno.

Nilizijua kama ngazi za nyumba yangu gizani.
Baada ya wa kumi na sita, wa kumi na saba:
kabla gitaa halijalia mguu umeshaitika,
na mkono unaozungusha kinu umeshashika mwendo
bila kuniuliza.
Miaka tisa nakamua chikichi hapa Rusimbi.
Kule hakukuwa kusikiliza.
Kulikuwa kujifunga kanga ya jana
kwa sababu imelala palepale kwenye kiti.

Sikitu akanipa simu. "Andika unachotaka, mama."
Nikaandika nini? Wimbo wa kumi na saba.
Ukaja. Nyuma yake ukaja nduguye,
na ndugu wa nduguye, gitaa lilelile, kilio kilekile,
kama wageni wa arusi moja wanaopanga mstari wa pilau.
Siku tatu simu ilinisoma.
Siku ya nne ikaanza kunisomea mimi mwenyewe.
*Tumekuchagulia wewe*, iliandika.
Nikacheka. Hata muuza maandazi huniambia hivyo,
kisha hunipa yaliyolala.

Ikawa Alhamisi, pipa la pili, mikono imelowa hadi kiwiko.
Tone likaruka likaangukia kioo.
Simu ikapagawa: ikapanda, ikashuka, ikafungua,
ikasimama kwenye jina lenye herufi nisizozijua,
mchanga uliopekuliwa na kuku.
Mwanamke akaimba.
Ngoma yake inahesabu tano pale mimi nilipozoea nne;
kila mzunguko unaniacha mguu mmoja hewani.
Kinu kikakosa mwendo. Kikakwama.
Nilitaka kuzima, wallahi nilitaka,
lakini nizime na mikono gani?
Nikasimama hivyo, viganja juu kama mtu anayeomba dua,
nikimsubiri Sikitu na sabuni.
Alipofika nikamwambia: ngoja kwanza.

Tangu siku ile, bando la shilingi mia tano
nalitumia kupotea.
Ndayikeza, anayevuka Manyovu kufuata madumu,
namuuliza: kwenu mkitwanga mnaimba nini?
Ananitajia, naandika, tunakosea, tunaandika tena.
Dereva wa lori la chumvi naye namuuliza.
Siku nyingine nafumba macho
na kuandika kwa kidole cha mwisho, kile kisichojua kusoma.
Simu imechanganyikiwa, haijui tena inianike wapi.
Juzi ilinipa kwaya ya watoto, ikanipa vyuma vinavyogombana,
ikanipa mzee anayepumua ndani ya mwanzi
mpaka dagaa wangu wakaungua.

Nyingine mbaya, niseme kweli.
Moja ilikuwa paka wawili ndani ya debe.
Niliisikiliza hadi mwisho. Nimeilipia.
Majirani wanasema mama Sikitu ameota masikio mapya.
Hapana. Ni yaleyale,
ila yalikuwa yamekaa kitako.

Wiki iliyopita Feruzi akaja na kadi yangu,
ameisugua kwa spiriti, ameikausha kwenye mchele.
"Zimepona mia moja na tisa," akasema,
"ila zimevurugika, hazina mpango."
Nikamlipa. Nikaiweka ndani ya redio.
Wa kumi na saba ukanikuta nimeinama,
haukutanguliwa na ule wa kumi na sita,
mguu haukuwa tayari.

Na pale katikati, gitaa linapovuta pumzi,
kuna mtu anacheka.
Yuko mbali, nyuma ya ngoma, pengine mlangoni,
anacheka kicheko kifupi halafu anajizuia.

Miaka tisa alikuwa mle.

Nimesimamisha kinu.
Sikitu, njoo na sabuni,
njoo uurudishe nyuma.