Dhiraa Nne

Eda imekwisha Jumatano.
Alhamisi, hata chai haijatokota,
mama kamwita Shaame, fundi wa Limbani:
"Nihamishie taa hii. Naitaka pale,
juu ya mkeka wangu, karibu na dirisha."

Taa ya baba ilikaa katikati.
Aliipimia mwenyewe kwa kamba ya katani,
pembe hadi pembe, akatia alama ya mkaa
kamba zilipokutana.
"Taa ni kama kadhi," alisema, "haiegemei upande."
Na mama, miaka ishirini na sita,
uso kwenye upepo wa dirisha, mgongo kwenye taa,
kashona kofia ndani ya kivuli chake mwenyewe.
Akisogeza kichwa kushoto, kivuli nacho kushoto,
sindano ikitafuta tundu kwa kupapasa.
Hakulalamika. Alisema mara moja tu, nadhani,
masika yale dari ilipovuja.
Baba akajibu, "Mwakani."

Shaame akazima swichi kubwa,
akaibana tesa menoni kama mswaki,
akapanda juu ya meza ya chakula
(ngazi yetu iko msikitini toka mwaka juzi),
nami nikashika miguu ya meza.
Akafungua holda. Akang'oa ubao mmoja.
Likatushukia vumbi, na mbawa za mchwa,
na kinyesi cha popo.
Kichwa chake kikazama gizani hadi mabegani.

"Waya hautafika," nikasema.
Nilikwishauliza bei dukani, nikarudi kimya.
Sauti ya Shaame ikatoka kama imo mtungini:
"Bi Mize, nani aliyetia umeme nyumba hii?"
"Mwenyewe. Marehemu."
"Basi kaacha waya huku, kauviringa vizuri,
dhiraa nne, hata tano. Hauna kazi yoyote.
Kaufunga kwa uzi."

Akaudondosha ule uzi.
Wa kijani, wa hariri, wa kushonea kofia,
vumbi limeutia mvi, lakini ukingali uking'aa.

Mama akaugeuzageuza kiganjani.
Nikadhani atalia.
"Uzi huu," akasema, akaniinulia macho,
"uzi huu nilikuchapia wewe."

Nakumbuka. Nilikuwa darasa la tatu.
Fimbo tatu za mpera,
na baba kibarazani
akikohoa, akikohoa, haingii ndani.

Labda aliuwekea siku hii.
Labda alikuwa bahili tu wa kukata waya.
Nilimtazama Shaame. Shaame alitaka misumari.

Usiku taa ikawaka juu ya mkeka.
Kivuli cha mama kikamtoka mapajani,
kikapita nyuma yake,
kikapanda kiti cha baba, kikakaa.

Kule katikati ya dari pamebaki tundu
na duara jeupe ambalo moshi haukulifikia.
Shaame alikwishakata kipande cha plaiwudi.
"Liache," mama akamwambia. "Mie kazi yangu matundu.
Tundu la kofia halizibwi, hushonwa ukingo."

Akaukunguta uzi wa kijani,
akaulowesha ncha kwa ulimi,
akautunga kwenye sindano mara moja,
safari hii bila kuniita.