Punje ya Ulezi

Saa nane usiku. Nkuhungu imelala,
nami nimepiga magoti kando ya kitanda
kama mtu anayeomba,
ila mkononi nina tochi ya simu
na kidole kinapekua pindo la godoro
mshono kwa mshono.

Hakuna kitu.
Hakuna kitu, lakini mguu unawasha.

Ndahani anageuka, ananung'unika:
"Ni mbu huyo, Matika. Lala."
Mbu huimba kabla ya kuuma.
Yule mwingine hana salamu.

Mwaka jana walikuja na kochi la bei poa
tulilonunua Sabasaba kwa mtu aliyekuwa anahama haraka mno.
Ningejiuliza anakimbia nini.
Wiki tatu hazikuisha, shuka ikajaa nukta
kama daftari la mtoto anayejaribu kalamu,
na chumba kikanuka giligilani iliyochacha.

Tulipigana nao kimya kimya.
Maji ya moto kwenye chaga,
mafuta ya taa kwa unyoya wa kuku,
godoro tukalianika nyuma, upande wa choo,
si upande wa barabara,
jua la Oktoba likalioka.
Mama Yoeli akachungulia juu ya ukuta:
"Mtoto kakojoa?"
Nikajibu, "Ndiyo."
Chisawilo wangu, miaka tisa,
akanitazama, akaibeba aibu yangu
bila kusema neno.

Hilo bado linaniuma kuliko wao.

Mpuliziaji, pampu mgongoni, kitambaa puani,
alipoondoka alituambia mayai hayasikii dawa,
tukae macho.
Nimekaa.
Miezi kumi na moja nimekaa.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo za watu huingia kwangu
zimekunjwa, bado zina joto la nyumba nisizozijua.
Napokea sketi kwa ncha za vidole,
naikung'uta nje kabla sijauliza kiuno.
Wateja hudhani ni vumbi.
Dodoma hii, kila kosa husingiziwa vumbi.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.
Watu huisema kwa ndugu wabaya, kwa wanasiasa.
Mimi naona aliyeitunga
hakuwa na fumbo lolote.
Alikuwa anajikuna.

Juzi mama mkwe kashuka kutoka Mvumi
na ulezi wa uji, mlenda mkavu,
na lile blanketi lake asiloliacha popote.
"Mbukwenyi, mama," nikasema, nikapiga goti,
na jicho langu lote lilikuwa kwenye blanketi.
Usiku nikalinyemelea pale sebuleni.
Nimeshika ncha moja, tochi mdomoni,
sauti ikatoka gizani:

"Upande wa pili umeangalia?"

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.
Akainuka polepole, magoti yakalia,
akashika ncha ya pili.
Tukalikung'uta sisi wawili, nje, mwezi unatuona,
kama tunapepeta mtama.
Hakuniuliza kitu.
Alisema tu kwamba yeye alikichoma kitanda cha harusi yake,
mwaka ule wa njaa,
na mumewe akamwambia ni mchwa.
"Alikufa anajua ni mchwa," akasema,
akacheka hadi akakohoa.

Nilidhani baada ya hapo ningelala.

Sasa hivi, karibu na mto, upande wangu,
kuna kitu.
Kidogo, cha mviringo, rangi ya damu iliyokauka.
Nakisogezea mwanga. Hakikimbii.
Nakiwekea ukucha, nafumba macho, nabana.
Kinapasuka, kinatoa unga mweupe.

Ulezi.

Nazima tochi.
Nalala chali, nasikiliza ngozi yangu.
Nawasha tena.