Bangili ya Kushoto

Famau sonara aliikata bangili kwa msumeno mdogo,
taratibu, kama anayemenya yai la moto.
Chenga za dhahabu akazizoa kwa brashi, akanipa karatasini.

Mkono umejaa tangu waliponitoa tezi za kwapani.
Titi liliondoka kimya; huu mkono ndio msemaji.
Jirani yangu wa Langoni aapa ni matende,
kaniletea mafuta ya habasoda. Nimeyapokea:
najikanda nayo toka kiganjani kupanda begani,
maana maji hayafukuzwi, yaonyeshwa njia.

Kofia ya Bakari, ya viua, imekwama nusu.
Nesi hataki tundu hata moja mkono huu,
basi nashona na subana vidole vitatu,
nakwenda kama konokono aliyevaa bati.

Usiku naulaza juu ya mito miwili;
Bakari, katikati ya kukoroma, auongezea wa tatu.
Asubuhi navutana na soksi ya mkono,
natukana kidogo, naomba msamaha, navuta tena.

Famau asema ataiunga bangili, aipanue.
Nimemwambia aje apime jioni,
mkono ukiwa umevimba.