Mia Tano Yangu

Nimelipa mia tano, Kazimili, kwa hiyo nitasema.
Mjane gani huyu anaamka alfajiri
na wanja wake haujachujuka?
Analia, na machozi yanapita kando ya poda
kana kwamba yameonyeshwa njia.

Hiyo nyumba ya maskini ina marumaru.
Hiyo dripu haidondoshi hata tone;
mimi nimelala Bugando chini ya kitanda cha mama
siku kumi na moja, dripu nazijua.

Watoto wa benchi la mbele wamegeuka.
Geukeni tu. Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye kioo,
wanatembea juu ya shavu la mwigizaji,
na wao angalau hawaigizi.

Eti kaambiwa mtumbwi umezama,
katupa sufuria, kaanguka, kinanda kikaingia.

Mimi nilikuwa Mwaloni nahesabu magunia ya dagaa
na mnunuzi wa Kahama.
Tulikuwa tumefika arobaini na tatu.
Kijana akaja akasimama, hakusalimia.
Nikamwona midomo.
Nikasema arobaini na nne.
Nikasema arobaini na tano.
Nikayamaliza yote, sitini na mawili,
nikapokea hela, nikaifunga kwenye pindo la kanga,
ndipo nikauliza: Lugembe wamempata?

Hapo mngepiga kinanda gani?

Sasa mchungaji kageukia kamera:
"Jamii, tuache kuwanyanyasa wajane,"
kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji.
Banda zima makofi.
Na anayepiga kuwashinda wote, mabenchi mawili mbele yangu,
ni Ndalahwa, shemeji yangu,
ndani ya shati la mistari la mdogo wake
ambalo pasi yake niliipiga mimi.
"Kweli kabisa!" anasema. Anafuta jicho.
Ufunguo wa nyumba yangu uko mfukoni mwake.

Basi ujumbe umefika, Kazimili.
Umefika, umekaribishwa kiti, umeondoka.

Mimi sikuja kufundishwa.
Shule niliiachia Usagara, darasa la sita.
Nilikuja kuona kama yupo mtu mwingine anayejua.

Halafu kikaja kipande kile,
nusu dakika, labda walisahau kukikata.
Wamemfukuza. Yuko getini na begi.
Anasimama.
Anarudi uani kuanua nguo.
Bado mbichi. Anaanua moja moja,
vibanio anavibana kwa meno,
maji yanamchirizika mpaka kwenye viwiko.
Anafika kwenye fulana ya marehemu,
anaikamua kwanza,
kama vile kuna mtu ataivaa.
Kamba inaruka juu, nyepesi.

Hakuna kinanda. Hakuna aliyepiga kofi.
Muuza karanga alikuwa anamhesabia mtu chenji,
akaacha.
Maana na mimi nilirudi kuanua.
Na shuka la mwisho lilikuwa na ncha mbili,
moja niliishika mimi.

Ndalahwa kainuka. "Naenda kununua sigara."
Ndalahwa, ambaye hajawahi kuvuta.

Wengine mmebaki mkaona mwisho:
shemeji mbaya kagongwa na fuso,
maandishi mekundu, FUNZO.
Jamani. Kila shemeji mbaya angegongwa na fuso,
barabara ya Nyakato ingepitika?
Humu ndani wanamzika,
na mimi chini ya turubai naviona viatu vyake
vimesimama nje, vizima, vina vumbi,
haviendi dukani, havirudi.

Ukiwajua waliotengeneza, waambie
wakati mwingine wamwache hai.
Azeeke. Awanunulie watoto karanga.
Asalimie watu vizuri njiani.
Huyo ndiye tunayeishi naye.

Nirudishie mia nne, Kazimili.
Mia moja ibaki, ya zile nguo.

Viatu bado viko pale.
Kesho unaweka nini?