Usiitie Barafu

Ndivyo ulivyoandika, Wakesho, kwa kalamu ya kijani,
kwenye kikaratasi ulichokifunga shingoni mwa chupa
kwa uzi wa soksi:
Usiitie barafu. Inywe pole. Ni ya majira ya theluji.

Barafu niitoe wapi? Umeme Mshomoroni
umekatika tangu juzi, friji inanuka maziwa,
na Desemba hii hata ukuta unatoa jasho.
Niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima,
maji ya chumvi, vuguvugu, ikatulia humo
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Mimi baridi naijua kwa tarakimu.
Kila usiku Kilindini napita na tochi na daftari
katikati ya makontena yanayonguruma:
parachichi, tano; embe, kumi;
minofu ya samaki, kumi na nane chini ya sifuri.
Naandika, natia sahihi, nafuta jasho.
Miaka tisa nasoma baridi kupitia kioo kidogo
wala haijawahi kunigusa ulimi.

Mbeyu alikuja kwa mlio wa kizibo.
Unamkumbuka? Yule wa mangwe nyuma ya kiwanda cha matofali,
aliyefunga baada ya askari kumwaga madumu saba.
Hakubisha hodi. Alikuja na kaha yake mwenyewe,
akanusa, akafumba macho:
"Hii haikugemwa. Hii imepikwa na mtu asiye na haraka."

Rangi: maji ya ukwaju yaliyolala.
Povu: zito, halina adabu,
likamchora Mbeyu masharubu.
Harufu, ngoja. Harufu ilikuja kwa zamu.
Tende kwanza, zile za kubanwa mfukoni;
halafu sukari guru inayoanza kuungua sufuriani;
halafu ndizi mbivu ya jana;
halafu kitu nilichokitafuta hadi nikaona haya:
sanduku la bati la mama, chini kabisa,
kwenye karafuu na masweta.

Nikanywa.
Utamu ulitangulia, mpole wa kujifanya,
kama dalali wa nyumba.
Nyuma yake mkate, ganda la chungwa,
iliki, au hiyo iliki niliitia mwenyewe?
Mbeyu alisema ni giligilani. Tukabishana.
Kisha uchungu, si wa mwarobaini,
ni wa kahawa ya kikombe cha tatu
ambacho mwenye dele hukuongezea bure.
Na baada ya kumeza, nilipodhani yamekwisha,
moto ukashuka ngazi kwa ngazi
ukiwasha taa kila chumba.

Asilimia kumi, nilisoma ubavuni.
"Kumi tu? Na hizo tisini ni uongo wa nani?"
Akaonja tena. Akanyamaza sana.
"Huyu mgema," akasema, "hajasifiwa bado."

Nilikudanganya hapo juu, niliposema haijanigusa.
Ulikuwa na miaka sita. Wundanyi, Julai,
ukungu umekula kibanda cha mbuzi,
na nyanya akatupa kila mmoja funda la pombe ya muwa
kwenye kifuniko cha chupa ya chai.
Tukacheka mvuke ukitutoka vinywani.
Nilikuwa nimesahau hata kwamba nimesahau.

Je, hii ndiyo unayokunywa huko Ghent,
giza limeingia tangu saa kumi jioni,
mikono imechubuka kwa kuosha wazee wa watu?
Unakunywa na nani?
Hukuandika. Uliandika barafu tu.

Mbeyu alitikisa mashapo, akayamaliza:
"Chakula kiko hapa, ninyi mnamwaga."
Akaondoka na chupa. Nene, nzuri,
ataitia mafuta ya nazi.
Mimi nikabaki na kizibo.

Usiku huu kimo mfukoni.
Nakinusa kati ya kontena na kontena.
Parachichi, tano.
Haya yanakuja huko kwenu, Wakesho.
Mlango wake, nikiuwekea kiganja,
ni wa moto.